Arobaini ya Vidole

Ukishuka treni pale stesheni ya Mpanda na njaa ya njia nzima kutoka Tabora, huna haja ya kumuuliza mtu chakula kiko wapi. Fuata pua yako. Itakuvusha reli, itakupitisha katikati ya bodaboda wanaokugombania kama mpira wa kona, na itakufikisha kwenye kibanda cha bati cha Mwanaiddi, mjane wa makamo mwenye sauti ya kuamrisha na mkono usiojua kubana. Anauza chai na chapati. Kabla ya mambo ninayotaka kuwasimulia, watu walikuwa hawaendi pale kula tu, walikwenda kutazama. Mwanaiddi alikuwa hatumii mwiko. Hatumii kijiko, wala koleo, wala kisu. Chapati ikiwa juu ya chuma kinachofuka moshi, anazamisha vidole ukingoni, anaizungusha mara mbili, anaipindua, huku akimwuliza mteja habari za mgonjwa wake nyumbani. Hakuna aliyewahi kumsikia akisema "aa!"

"Mama Kauthar, hivi wewe huungui?" wageni walimwuliza.

"Moto unanijua," alijibu. "Wewe ndiye mgeni hapa."

Jirani yake wa kibanda, Specioza, Mfipa mnene mcheshi aliyekuwa akiuza uji na vitumbua, alisema kule si kupika, ni mazingaombwe, na kwamba siku moja atamleta padri wake aje aombee lile jiko. Mwanaiddi alimjibu kwamba padri akija atakula chapati na kusahau alichofuata. Walitaniana hivyo kutwa nzima na hakuna aliyenuna.

Vidole vile havikuzaliwa sugu. Mumewe alipokuwa hai, Mwanaiddi aliuza nguo za mitumba sokoni, kazi ya kukunjua na kukunja, na vidole vyake vilikuwa vya mtu wa nguo. Ndivyo alivyovipeleka siku wananchi walipoitwa kuandikishwa vitambulisho vya taifa. Alivibandika kwenye kioo kidogo, kimoja kimoja, mumewe akiwa nyuma yake kwenye foleni akimchekesha makusudi ili picha itoke vibaya. Na kweli ilitoka vibaya. Haukupita muda mume akafariki, mtaji wa mitumba ukaishia kwenye matibabu na msiba, na Mwanaiddi akaazima chuma cha kupikia akaanza chapati. Miaka ikaenda. Moto ukamlamba ncha za vidole taratibu, zikawa ngumu na tupu, zinang'aa kama kipande cha sabuni kilichotumika. Yeye hakuona hasara yoyote. Nani hukaa akatazama ncha za vidole vyake?

Mtoto alikuwa naye mmoja tu, Kauthar. Huyu aliolewa na Tamimu, kijana mpole wa Mpanda aliyekuwa akipeleka mchele ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na mwisho akafungua duka huko huko Kalemie, upande wa Kongo. Kauthar aliposhika mimba ya kwanza, Mwanaiddi hakuhitaji kuambiwa la kufanya. Kwa desturi ya kwao, binti akizaa mara ya kwanza mama yake huwa pembeni. Yeye ndiye humwogesha mtoto maji ya kwanza, na yeye ndiye humlea mzazi arobaini nzima, mzazi asiguse moto, asiguse maji ya baridi, kazi yake iwe kunyonyesha na kula.

Basi akafunga mzigo, akavuka kama watu wengi walivyozoea kuvuka. Alipanda boti ya wavuvi kwenye ufuko mmoja mbali na bandari ya Karema, hana karatasi hata ya kufungia karanga. Kule ng'ambo alikamatwa na maofisa wa mpaka kabla nguo zake hazijakauka. Wakamkalisha kwenye benchi la mbao nje ya ofisi yao, kutwa nzima, kisha wakamrudisha kwa boti iliyokuwa inageuza. Hospitali ilikuwa mtaa wa pili tu kutoka lile benchi. Kauthar alijifungua siku ile ile. Mtoto hakulia. Alizikwa bila bibi yake kumshika.

"Sina kinyongo nao," Mwanaiddi alimwambia Specioza aliporudi. "Walikuwa kazini. Mimi ndiye niliyeingia kwa watu kama mwizi wa kuku."

Alilisema hilo macho makavu. Tangu hapo Mwanaiddi alikuwa na azimio moja. Akivuka tena, atavukia mlango wa mbele, mchana kweupe, jina lake limeandikwa.

Na siku ya kuvuka tena ikaja. Kauthar alishika mimba nyingine, presha ikampanda mapema, daktari wa Kalemie akampiga marufuku kusafiri ziwani. Ikabidi mama amfuate mtoto.

Safari hii mambo yalishabadilika. Maombi ya hati za kusafiria yalikuwa yamehamia kwenye kompyuta. Kule bandarini Karema nako, waliokwenda walirudi wakisimulia kioo cha kuweka kidole na kijicho cha kamera kinachokukodolea bila kupepesa. Mstari mzima wa vibanda ulikuwa na wasiwasi. Specioza alidai mashine zile zinajua hata ulichokula jana. Mwanaiddi peke yake ndiye aliyefurahi.

"Acheni woga nyie," aliwaambia. "Mimi nikiingia ofisi yoyote huwa sijui nianzie kwa nani, sina wa kunishika mkono. Sasa mashine haina shemeji. Haijui mimi ni mke wa nani wala nimevaa nini. Inamtaka aliyekuja, basi."

Mwenye steshenari ya karibu na soko alimjazia maombi, akimsomea kila swali kwa sauti, na baada ya hapo simu ya Mwanaiddi ikalia kwa ujumbe wa kumpangia siku ya kwenda ofisi ya uhamiaji. Aliwaonyesha wateja wote ujumbe ule. Wengine waliuona mara mbili, na waliotaka kulalamika walikumbuka kwamba chai yao bado haijamiminwa.

Siku yenyewe alivaa gauni la Idi. Ofisini alipokewa na askari aitwaye Kija, msichana wa Kisukuma aliyekulia Sibwesa, mrefu, mwenye heshima zake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimekuja kumfuata mjukuu wangu."

Kija akacheka, akamkalisha, akafuta kioo kwa kitambaa. Kidole gumba cha kulia. Taa nyekundu. Akamwambia abonyeze kidogo. Nyekundu. Akamfuta kidole, wakajaribu cha pili, cha tatu, wakahamia mkono wa kushoto. Nyekundu, nyekundu. Kija akamshika mkono, akaugeuza, akavitazama vile vidole kwa karibu.

"Mama, unafanya kazi gani?"

"Napika chapati pale stesheni."

"Unageuza kwa mkono?"

"Sasa nigeuze kwa mguu?"

Kija alitabasamu, lakini tabasamu halikudumu. Akaigeuza kompyuta yake ili Mwanaiddi aone. Mle ndani alikuwamo mwanamke kijana kidogo, mdomo umepinda kwa kicheko alichokuwa akikizuia.

"Huyu ni wewe?"

"Ni mimi. Mume wangu ndiye aliyenichekesha. Mungu amrehemu."

"Mashine inasema vidole hivi si vya huyu mama. Haina ubaya, ila haioni mistari. Moto umeifuta."

Mwanaiddi alitazama vidole vyake kama mtu anayeonyeshwa barua ya kufukuzwa kazi. Vidole alivyovisifia miaka yote ndivyo vilivyomkana mbele za watu. Kija akamweleza, taratibu na bila kiburi, kwamba kuna njia mbili. Ya kwanza, anaweza kuandika maelezo yapelekwe makao makuu, wamhakiki kwa namna nyingine. Linawezekana, ila yeye hawezi kumwahidi ni lini.

"Na mtoto hawezi kuambiwa asubiri," alisema Mwanaiddi.

"Ndiyo hapo, mama. Njia ya pili, ngozi ya vidole huota upya. Kaa mbali na moto kabisa. Usishike chuma, usishike majivu wala maji ya sabuni, usifue. Paka mafuta. Ukikaa mwezi na zaidi kidogo, rudi kwangu tujaribu tena. Siku zikikubana, hati ya dharura tunaichapa hapa hapa."

Alitoka pale akitembea polepole, mikono ameificha ndani ya mtandio. Alipofika kibandani akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na pale ndipo alipolia, kwa sauti, bila kujali wateja. Alilia ya siku ile na ya siku ya benchi kwa pamoja. Specioza akaacha uji wake ukaungua chini, akaja kuchuchumaa mbele yake, akasikiliza habari yote mpaka mwisho.

"Ngoja kwanza," alisema. "Askari kasema usiguse moto?"

"Ndiyo."

"Usishike maji, usifue, upakwe mafuta?"

"Ndiyo, Specioza, nimeshakwambia."

"Na wewe chakula utapikiwa, maana hupiki." Specioza akasimama, mikono kiunoni. "Sasa mtu wa namna hiyo nyie mnamwitaje? Si mzazi huyo? Umejifungua, Mwanaiddi! Hongera! Umejifungua vidole kumi, na wote wazima!"

Wanawake wa vibanda walianza kucheka, kisha wakaacha kucheka, wakatazamana. Maana lilikuwa jambo la kweli kabisa. Hakuna mwanamke pale asiyejua kumweka mwenzake arobaini. Wanaijua kazi hiyo kuliko wanavyojua kuhesabu chenji. Kabla adhuhuri haijaadhiniwa walishagawana zamu.

Hivyo ndivyo Mwanaiddi, mama wa mtoto mmoja aliyekwisha olewa, alivyoingizwa ndani kwake akawekwa arobaini ya vidole. Alipikiwa uji wa pilipili manga. Aliletewa maji ya kuoga yakiwa vuguvugu, na alipotaka kukamua kanga yake mwenyewe alinyang'anywa. Nyanzala, mama wa Kisukuma aliyekuwa akileta maziwa mjini kutoka Litapunga, aliposikia habari alirudi na chupa ya samli, na kila siku ya zamu yake alimsugua vidole kimoja kimoja, akivivuta kidogo mwishoni kama anavikamua. Wapangaji wenzake wakipita mlangoni walipaza sauti, "Hongera mzazi! Mtoto anaendeleaje?" Naye anainua mikono yote miwili juu waione.

Kazi ngumu ilikuwa kibandani. Specioza alichukua jiko la chapati juu ya uji wake, na yeye alikuwa mtu wa mwiko. Chapati zake zilitoka na pembe. Nyingine ilikuwa na mkia. Mpakia mizigo mmoja wa stesheni aliinua yake juu, akawauliza wenzake kama ramani hii ni ya wilaya ya Tanganyika au ya Mlele. Specioza alimwambia ale hiyo hiyo wilaya, wanawake wana shughuli.

Chumba cha Mwanaiddi hakikuwa mbali na kibanda. Asubuhi moja upepo uliingia na harufu ya chapati inayoungua. Mtu aliyepika miaka yote ile hawezi kuivumilia harufu hiyo. Alitoka mbio miguu mitupu, akapita wateja, na mkono ulikuwa umeshanyooka juu ya chuma, vidole tayari kuzama, Specioza alipouchapa kwa mwiko.

"Mzazi! Unataka kumtupa mtoto kwenye moto?"

Mwanaiddi aliurudisha mkono kifuani. Kidogo tu angeharibu kila kitu kwa chapati moja, tena chapati mbaya ya Specioza. Akarudi ndani bila ubishi, na tangu siku hiyo akawa anajifunga mikono kwa kanga kila upepo unapotoka upande wa kibanda.

Kisha vidole vikaanza kuota. Ngozi ngumu ilibanduka kidogokidogo, na chini yake ikaja nyingine, ya waridi, inayohisi kila kitu. Alishtuka kugundua kwamba shuka lake lilikuwa na kamba kamba, na kwamba shavu lake mwenyewe lilikuwa laini. Siku moja alikaa mlangoni, akaupeleka mkono kwenye jua, akaiona. Mistari. Myembamba, imejizungusha vizuri, kama shamba lililolimwa kwa ng'ombe linavyoonekana kutoka mlimani. Akampigia Kauthar simu palepale, hata salamu akasahau.

"Vimeota!"

"Mama, umeniogopesha," alisema Kauthar, kisha naye akaanza kucheka. "Njoo sasa. Njoo upesi."

Sasa sikilizeni ujinga wa furaha. Arobaini kwa desturi haiishi hivi hivi. Mzazi akitoka anafukizwa udi, anavishwa, anapambwa. Wanawake walikuwa wamebeba ile shughuli kwa uaminifu kuanzia mwanzo, na hawakuona sababu ya kuiacha njiani. Jioni ya kuamkia siku ya kurudi uhamiaji walijaa chumbani kwa Mwanaiddi na vigelegele, wakampulizia udi, na binti mmoja wa Kashaulili anayepamba maharusi akaletwa na bakuli lake la piko. Akaanza na mkono wa kulia. Akauchora maua tangu kiwiko, akashuka mpaka kiganjani, na mwisho, kama inavyopendeza, akachovya ncha za vidole vyote vitano zikawa nyeusi tititi. Wote walisifu. Mwanaiddi mwenyewe alisifu. Hakuna hata mmoja mle ndani aliyekumbuka kwamba zile ncha ndizo walizokuwa wakizilea!

Binti alikuwa anauvuta mkono wa kushoto simu ilipolia. Alikuwa Tamimu. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayejikaza.

"Mama, Kauthar amelazwa. Presha imepanda. Wanasema isiposhuka watamfanyia upasuaji. Anakuulizia wewe tu."

Mwanaiddi alisimama, bakuli la piko likapinduka. Mapambo yakaishia hapo. Wageni wale wale waliokuja kucheza wakageuka kuwa wafungaji wa mizigo, mmoja anakunja kanga za kumpokelea mtoto, mwingine anafunga unga wa uji, Specioza anapiga magoti na rozari yake kwenye kona na Mwanaiddi anasali kwenye kona nyingine, kila mtu kwa lugha aliyozoea kusemea na Mungu.

Asubuhi yeye na Specioza walikuwa mlangoni mwa uhamiaji kabla ya kufunguliwa. Kija alimkumbuka.

"Karibu mama. Mjukuu hajambo?"

"Bado hajafika, na hali si nzuri. Nisaidie mwanangu."

Akaweka mkono wa kulia kwenye kioo. Taa nyekundu. Kija akauinua, akazitazama zile ncha nyeusi, akafumba macho kidogo.

"Mama. Nani kakupaka?"

"Nilikuwa natoka arobaini," alisema Mwanaiddi, na akiwa bado anasema ndipo akaelewa. Nyuma yake Specioza alitoa sauti kama mtu aliyepigwa ngumi ya tumbo. Kushinda ndani muda wote ule, samli ya Nyanzala, chapati za mikia, vyote wamevipaka rangi nyeusi kwa mikono yao wenyewe, tena kwa vigelegele.

"Piko inafunika mistari," alisema Kija. "Ikishaingia hivi haitoki leo wala kesho. Huo mwingine nao mmeupaka?"

Mwanaiddi alikuwa ameusahau mkono wake wa kushoto. Aliutoa ndani ya mtandio kama anayemtoa mtoto aliyelala. Ulikuwa mtupu, msafi, hauna hata tone. Simu ya Tamimu ndiyo iliyouokoa.

"Weka dole gumba," alisema Kija.

Hata waliokuja kwa mambo yao walisogea. Mwanaiddi akaweka dole gumba, akasema Bismillahi, akafumba macho kwa sababu hakutaka kuiona ile taa nyekundu tena. Mashine ikatoa mlio. Mlio wenyewe hakuwa ameusikia kabla ya hapo.

"Cha pili mama. Haya, cha tatu. Lete hicho kidogo." Sauti ya Kija ilikuwa inapanda ngazi. "Fumbua macho, mama. Tazama."

Taa ilikuwa kijani. Kwenye kompyuta alikuwa ametokea yule mwanamke aliyepinda mdomo, na safari hii maandishi ya kijani yalikuwa chini yake. Mwanaiddi alimtazama kwa muda. Mwanamke wa mitumba, mwenye mume nyuma yake kwenye foleni.

"Ni wewe," alisema Kija. "Mashine imekukumbuka."

Specioza alipiga kigelegele ambacho ofisi ile haijawahi kukisikia, na watu wa foleni wakapiga makofi bila kujua vizuri wanampigia nani. Mwanaiddi alikuwa akilia na kucheka kwa wakati mmoja, akarudia kusema, "Ni mimi jamani, ni mimi." Kija alieleza kwamba mkono mmoja unatosha kuthibitisha, ule wa harusi atauandikia maelezo, na kwa kuwa kuna mgonjwa watachapa hati ya dharura. Kompyuta ikafanya mambo yake. Hati ilitoka kwenye mashine ikiwa ya moto. Kilikuwa kitu cha moto cha kwanza Mwanaiddi kushika tangu awekwe ndani, na hakukiachia.

Gari la Karema lilimrusha njia nzima, vumbi la Sibwesa likamfanya mweupe mpaka nyusi, naye hakulalamika hata mara moja. Mkono wa kushoto alikuwa ameufunga kwa leso safi. Abiria walidhani ameumia, wakampa pole, akazipokea. Bandarini alifungua leso, akaweka kidole, akakikodolea macho kile kijicho cha kamera mpaka kikaridhika. Kijani.

"Safari njema, mama," alisema askari wa pale. "Ukirudi utapita hapa hapa."

"Wapi kwingine tena?" alijibu Mwanaiddi, akapanda boti kwa ngazi, kama mtu.

Ng'ambo ofisi ilikuwa ile ile, na benchi lilikuwa lile lile, limechakaa zaidi. Ofisa aliitazama hati, akamtazama yeye, akagonga muhuri. "Pita mama, iko sawa," alimwambia kwa Kiswahili chao cha huko. Mwanaiddi alitoka nje, akaweka mzigo wake juu ya lile benchi, akajifunga kanga vizuri, akaubeba mzigo, akaenda zake. Mtaa wa pili tu.

Kauthar alipomwona mlangoni alinyoosha mikono kama alivyokuwa akifanya akiwa mdogo. Mwanaiddi alikaa pembeni ya kitanda, na hakutoka pale ila kwa kusali na kwenda msalani. Manesi wanasema presha ilianza kushuka baada ya dawa. Mwanaiddi anasema alikuwapo na anajua ilianza kushuka lini. Upasuaji haukuhitajika. Alfajiri ya siku iliyofuata alizaliwa mtoto wa kike, na huyu alilia. Alilia kwa hasira, wodi nzima ikaamka, na bibi yake akasema Alhamdulillahi kwa sauti kubwa kuliko yeye.

Alimwogesha mwenyewe maji ya kwanza. Mkono mmoja una maua meusi mpaka kwenye kiwiko, mwingine mtupu. Kwa vidole vile vipya alisikia kila kitu, kamkunjo kadogo ka shingoni, nywele laini za mgongoni, moyo wenyewe ukipiga chini ya ngozi. Kwa vidole vya zamani asingesikia hata nusu yake. Alipomfuta Kauthar jasho usoni, Kauthar alimshika mkono akaugandisha shavuni.

"Mama, mikono yako imekuwaje? Hii ni ile ya zamani. Ya wakati wa baba."

"Nilikuwa nimeipoteza," alisema Mwanaiddi. "Wenzangu wamenisaidia kuitafuta."

Alikaa akamlea mzazi wake mpaka arobaini ikaisha, arobaini ya kweli sasa, kisha akarudi Mpanda kwa njia ile ile, kidole kwenye kioo, kijani. Stesheni nzima ilikuwa inamsubiri. Wateja walisogeza viti karibu na jiko kama zamani, wengine wamekuja na wageni wao kuwaonyesha mazingaombwe. Mwanaiddi alikanda, akasukuma, akaitandaza chapati ya kwanza juu ya chuma. Moshi ukapanda.

Akanyoosha mkono kwa Specioza. "Naomba huo mwiko wako."

"Mama Kauthar!" yule mpakia mizigo alipiga kelele. "Vidole vimeingia woga?"

"Vidole hivi vina mtu wake ng'ambo," alisema Mwanaiddi. "Ameshaanza kucheka, na mimi nakwenda tena akiota meno."

Akaipindua kwa mwiko. Ilikunjana upande mmoja, ikapasuka katikati, ikatoka na mkia mrefu kuliko zote za Specioza. Specioza alicheka mpaka akashika nguzo ya kibanda. Mwanaiddi aliiweka kwenye sahani, akaisogeza mbele ya yule mpakia mizigo, kichwa juu.

"Kula hivyo hivyo," alimwambia.